Gome Lililofaulu Mtihani

Embu mjini
14 Februari 1999

Dada Kathure,

Mbae amenipa barua yako leo, lori lake likiwa bado linashusha viazi sokoni. Nimeisoma nikiwa nimekalia gunia. Kwa hiyo ni kweli: kile kidonda cha baba kimefika mfupani, na daktari wa hospitali anataka kuukata mguu chini ya goti. Unaniomba nimwandikie akubali, kwa sababu wewe ukimwambia anasema ni maneno ya wanawake, na mwana wa kiume ni mimi peke yangu.

Kwanza nikuambie nilipo. Nimeacha kuchuma chai kule Kibugu. Mgongo umekataa. Umande unakulowesha mpaka kiunoni, na kikapu kinakuvuta nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Sasa ni kibarua hapa mjini, kwa watu wanaochunguza miti ya dawa. Mkubwa wetu ni mama anayeitwa Daktari Karimi. Si daktari wa kudunga watu sindano, amesomea mimea. Mimi natwanga magome, naosha chupa, nafagia. Mikono yangu imekuwa ya kahawia na hakuna sabuni inayoitakasa.

Kuna fundi wa hapa anayeitwa Nyamu, mtu wa Embu, mdomo wake haupumziki. Nilimwuliza tunatafuta nini ndani ya magome haya. Akatoa kiazi kwenye chakula chake, kibichi, akakikata vipande viwili akaviweka dirishani. Baada ya muda vikaanza kuwa vyeusi. Akasema, "Wewe mtu wa Kibirichia, hii umeiona tangu kuzaliwa, lakini hujui ni nini. Hewa inakichoma. Ndani ya mwili pia kuna moto wa namna hiyo, mdogo mdogo, unaokula nyama na mishipa kama kutu inavyokula jembe. Miti mingine ina kitu cha kuuzima moto huo. Tunatafuta ni mti gani unao kwa wingi."

Wana maji ya zambarau. Wakitia dawa ya mti wenye nguvu, zambarau inakufa, yanabaki maji ya manjano. Nimeona mingi ikijaribiwa na ikishindwa. Lakini namba saba, gome la mururuku lililotoka upande wa Siakago, liliyageuza maji kabla Nyamu hajaweka chupa mezani. Nyamu alipiga mluzi. Daktari alicheka peke yake.

Nikafikiria mguu wa baba unaogeuka mweusi, na kile kiazi dirishani.

Magome ambayo hayajapimwa yako stoo, kila mfuko na uzito wake. Sitayagusa, unajua mama alivyotulea. Lakini yale yaliyokwisha kupimwa, yakitoka kwenye chupa huanikwa kivulini, kisha hutupwa. Nilimwomba Nyamu yale ya namba saba. Akasema, "Chukua yote, bwana, utanipunguzia kazi." Na hata ningeambiwa nichague, ningechagua hayohayo. Sisi wa viazi tunajua jambo hili. Mbegu ya kupanda ni ile iliyokaguliwa ikafungwa kibandiko, si ile ya kuokota sokoni. Hili ni gome lililofanya mtihani likafaulu.

Mbae anakuletea mfuko. Chemsha kijiko kimoja, anywe asubuhi na jioni. Mwambie baba asubiri mwezi mmoja kabla ya kukubali kisu. Mguu si kama kiazi, ukikatwa haupandwi ukaota.

Ndugu yako,
Thuranira


Kibirichia
3 Machi 1999

Thuranira,

Nilikuomba unisaidie kumsukuma mzee mpaka kwenye mlango wa hospitali. Wewe umemfungulia mlango wa nyuma.

Nilimsomea barua yako jikoni. Alinifanya nirudie ile habari ya kiazi na ile ya maji ya zambarau. Sijamwona akifurahi hivyo tangu mama afariki. Siku iliyofuata ilikuwa siku yetu ya kurudi hospitali. Alikwenda, lakini alikwenda kumwaga maneno tu. Alimwambia daktari wa watu, "Mwanangu yuko na daktari wake huko Embu, na huyo hakati watu." Yule daktari alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Njiani nilimwambia, "Baba, kiazi kilichooza hutolewa guniani kabla hakijaharibu vingine." Akanijibu, "Mimi si gunia, Kathure. Na wewe umekuwa dalali tangu lini?" Watu wote garini wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Kikombe cha kwanza hakukinywa vivi hivi. Aliniita nilete shati lako jeupe la Jumapili, lile uliloacha likining'inia nyuma ya mlango. Akajaza dawa mdomoni, akalipulizia kifuani, kama wazee wanavyombariki kijana aliyemtendea mzazi wake mema. Akasema, "Kila utakapokanyaga pawe tambarare." Kisha ndipo akanywa. Shati nimelikunja, Mbae analo. Baba amesema usilifue.

Kuna jambo moja. Analalamika kwamba haina uchungu. Anasema mururuku aliokuwa akinyweshwa na nyanya yake ulikaza ulimi mpaka mtu akashindwa kumjibu mkewe. Hii yako anasema ni kama maji ya kuoshea sufuria. Lakini anakunywa, na anataka watu wamwone akinywa.

Mdogo wangu, ninayefunga kitambaa kila asubuhi ni mimi. Huko Embu harufu haikufikii. Mwandikie akubali. Sisi sote tuliobaki hapa hatuna sauti mbele yake, sauti ni yako tu. Usiitumie vibaya.

Kathure


Embu mjini
16 Machi 1999

Dada,

Shati limefika. Nilifunga mlango kabla ya kulifungua. Nilitafuta mahali alipopulizia baba nisipaone, ni jeupe vilevile ulivyolifua. Nikasema basi, hata baraka yake ni safi, haikuacha doa. Nimelitundika juu ya kitanda.

Usiogope habari ya uchungu. Nimelifikiria jambo hilo nikitwanga. Huenda uchungu ndio uchafu, na hawa watu wameutoa. Sukari ya kiwandani nayo si huanza ikiwa nyeusi, wakaisafisha mpaka ikawa nyeupe? Hapa kila kitu husafishwa. Namwambia Nyamu kwamba wakiendelea hivi watatusafisha na sisi. Anasema mimi siwezi kutakata, nimechelewa.

Nakuambia ukweli mwingine, na huu usimsomee baba. Nimekaa mbali na nyumbani tangu mwanao Kathuri akiwa mgongoni, na sasa ana ndevu. Nimechuma chai ya watu, nimebeba mawe ya watu, nimechimba vyoo vya watu. Sijawahi kumpelekea baba kitu ambacho mtu mwingine hangeweza kumpelekea. Hiki ndicho cha kwanza. Ningetaka apone, na ningetaka awe amepona kwa mkono wangu. Ukisema ni kiburi, ni kiburi.

Msomee hivi: Baba, vumilia. Namba saba imepimwa mara ya pili na hakuna iliyoishinda. Nakutumia mfuko mkubwa kuliko wa kwanza. Kisu kipo kila siku, hakikimbii. Ngoja kidogo.

Thuranira


Kibirichia
10 Aprili 1999

Thuranira,

Nakuandikia kwa haraka, Mbae amewasha gari.

Mguu hauumi tena. Ulianza kutulia wiki ya matawi, na kufikia Pasaka alikuwa analala kama mtoto. Jumapili ya Pasaka alikataa kubebwa. Alitembea kwa fimbo mpaka kanisani, akasimama wakati wa ushuhuda. Alieleza habari za kiazi na kutu, na maji ya zambarau, na namba saba. Kisha akavua soksi mbele ya watu, akavigonga vidole vyake kwa fimbo. "Mnaona? Hauumi!" Akagonga tena. "Mwanangu Thuranira! Hauumi!" Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Mimi nilikuwa karibu. Nilisikia mlio wa fimbo. Ulilia kama inayogonga ubao.

Vidole ni vyeusi, vimekauka. Weusi umepita kifundo. Hata harufu imepungua, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Gacheri jirani amekuja kuomba gome kwa ajili ya presha yake, anasema amechoka na vidonge. Baba alimpimia kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayegawa mbegu.

Sasa nisikilize. Mwulize huyo Daktari wako, umtazame usoni: mguu ukiacha kuuma huku unazidi kuwa mweusi, ni kupona au ni nini? Usinijibu kwa kufikiri. Umefikiri vya kutosha.

Kathure


Embu mjini
19 Aprili 1999

Dada Kathure,

Mpeleke baba hospitali siku utakayopata barua hii. Usimalize kuisoma kwanza, mwite Bundi mwenye gari, kisha ndipo uje usome yaliyobaki.

Nilimwuliza Daktari Karimi leo. Alikuwa anaandika. Nilimwambia habari za mguu, akaniuliza anatumia dawa gani. Nikasema, "Hii yetu. Namba saba." Akaweka kalamu chini.

"Namba saba ipi? Stoo haijapungua."

"Si ya stoo," nikasema. "Ile iliyokwisha kupimwa."

Nyamu alikuwa mlangoni. Akasema, "Thuranira, yale? Nilidhani unawashia moto!" Akaanza kucheka, halafu akaona uso wangu akaacha. "Bwana, yale ni makapi. Tunayaloweka kwenye spiriti siku nyingi, nguvu yote inatoka inabaki kwenye spiriti. Hiyo ndiyo tunayopima. Kinachobaki ni kuni. Wewe si umechuma chai? Hujawahi kuona majani yaliyokwisha kuchemshwa?"

Nimechuma chai miaka yote ile, dada. Nimeona majani yakitupwa nyuma ya kila nyumba.

Niliwaza, basi nimpe baba lile zima la stoo, Daktari aniuzie, anikate kwenye mshahara. Nilimwambia hivyo. Daktari akanikalisha kwenye kiti chake. Akasema, "Hata lingekuwa zima. Mimi nimeona rangi ikibadilika ndani ya chupa. Nimeliandika hilo tu. Kutoka kwenye chupa mpaka kwenye mguu wa mtu ni safari ambayo mimi sijaianza, na sijui kama nitafika. Sikuwahi kusema linaponya kidonda. Nilisema?"

Hakusema. Nimetafuta kichwani kote, hakusema. Nilisema mimi.

Kisha nikamwuliza lile swali lako. Alivua miwani akaifuta, akakaa nayo mkononi. "Hauumi kwa sababu umekufa," akasema. "Mimi si daktari wa watu, lakini hilo nalijua. Sumu itapanda. Mpelekeni leo."

Nimekwenda posta nikapiga simu ya shule ya hapo kijijini, inalia tu, shule zimefungwa. Ningekuja mwenyewe, lakini wiki hii kuna magome mengi ya kutwanga, na mvua hizi unazijua. Mbae anasema barabara ya kupanda huko kwenu imekatika, lakini atajaribu kesho kutwa.

Mwambie baba mimi ni mjinga. Mwambie nilimnywesha kuni. Atukane, anilaani, atake nilirudishe shati alilolibariki, lakini apande gari. Na Gacheri arudie vidonge vyake.

Thuranira


Kibirichia
7 Mei 1999

Thuranira,

Barua yako ilinifikia tarehe mosi, imelowa, wino umekimbia pembeni. Lori la Mbae lilikaa kwenye matope huko chini siku nyingi, na yeye alikuwa ameifunga kwenye nailoni pamoja na sigara zake. Lori ndilo lililoshindwa na barabara. Mtu hashindwi. Akina mama wa hapa walikuwa wanashuka sokoni kwa miguu kila siku ya soko na kurudi. Na kutoka Embu mpaka Meru ni lami, magari yapo asubuhi mpaka jioni. Wewe ulituma karatasi.

Nimeliandika hilo mwanzoni ili nisilirudie tena.

Wakati barua inafika baba alikuwa tayari hospitali. Homa ilimshika usiku wa Alhamisi, akawa anaongea na mama. Tulimbeba na kitanda chake, wanaume wanne kwa zamu, mpaka Bundi alipoweza kufika na gari. Daktari ni yuleyule. Alifunua shuka, akafunika. Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Alisema sumu imeingia kwenye damu na sasa hata akikata atakuwa anakata bure.

Jumapili alizinduka. Akanitambua, akaniuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Kisha akaona bahasha mkononi mwangu. "Hiyo ni ya Thuranira? Inasemaje?"

Nilikuwa nimeisoma ile barua mpaka naijua kwa kichwa. Nikaifungua. Nikamsomea kwamba umemsalimu. Nikamsomea kwamba namba saba imepimwa mara ya tatu na imefaulu tena. Kwamba Daktari amesema mzee wa Kibirichia ana mwana mwenye akili.

Akasema, "Nilijua." Akaniomba nimsomee tena mahali pa mwana mwenye akili. Nikasoma tena. Ilibidi nikumbuke nilivyokuwa nimepanga maneno, maana hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

Alifariki Jumatatu kabla ya chai ya saa nne.

Magome yaliyobaki niliyatia motoni. Yaliwaka vizuri. Nyamu alisema kweli, ni kuni nzuri. Gacheri amerudia vidonge, anadhani ni mimi ninayemnyima dawa, na hanisalimu.

Mazishi ni Alhamisi, tarehe kumi na tatu. Utakuja. Baba alimwambia kila mtu habari za shati, kwa hiyo uje umelivaa, wazee wanataka kuliona. Hapa hakuna anayejua isipokuwa mimi. Wanasema mwana wa Mukiri alimwongezea babake miezi mitatu bila maumivu. Wamekupa nafasi ya kuongea baada ya mchungaji. Utakaa mbele, watakusifu, watakushika mkono mmoja mmoja, na wewe utasema ahsante. Mimi sitasema neno lolote, siku hiyo wala nyingine.

Nilitafuta adhabu nyingine nikaikosa.

Kathure


Embu mjini
11 Mei 1999

Dada yangu Kathure,

Lori la Mbae linapanda leo, kwa hiyo barua hii itanitangulia. Mimi nitapanda gari kesho. Hilo nalo ungesema, kwamba gari lilikuwepo tangu zamani. Lilikuwepo. Siku ile Daktari aliniambia mwenyewe niache magome niende. Nilifika mpaka stendi. Utingo akaniita, "Meru, mzee? Moja ya mwisho!" Nikamwambia nasubiri mtu. Niliogopa uso wa baba, nikaona barua haina uso.

Jana nilimwambia Daktari kwamba mzee ametutoka. Alisimama dirishani. Baadaye alikwenda stoo mwenyewe akarudi na konzi ya gome la namba saba, lile zima, akanitilia kwenye karatasi. Sijui alidhani nitalifanyia nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Nilikwenda nalo chumbani nikalichemsha. Maji yaliiva mekundu kama chai ya harusi. Nikaonja. Ulimi ulikaza mpaka kooni, nikashindwa kumeza, machozi yakanitoka kwa uchungu wake. Kwa hiyo baba alisema kweli kuhusu nyanya yake. Na nilikaa pale na ladha hiyo mdomoni nikijua kwamba hata hii haingemwokoa. Nilikuwa nimezoea kufikiri nilimnyima dawa. Sikumnyima dawa. Nilimnyima kisu, kwa miezi mitatu, nikitumia kitu ambacho hakikuwa chochote.

Ndipo nikalikumbuka shati. Nililishusha nikalitandaza kitandani, nikatafuta tena pale alipopulizia. Mikono yangu hii ya kahawia, ambayo hakuna sabuni inayoitakasa, ilikuwa juu ya kitambaa kile cheupe, na sikuwahi kujiuliza kwa nini dawa aliyopulizia baba haikukitia rangi. Nikachovya kidole kwenye sufuria nikagusa kifuani, mara moja tu, nione. Kitambaa kilinywa palepale. Nikafua kwa sabuni ya kipande, nikafua kwa Omo, nikasugua na jiwe. Doa limekaa pale, kubwa kama jani, upande wa moyo.

Sina shati lingine jeupe. Nitalivaa hivyo hivyo, kama ulivyosema, nitakaa mbele, nitaongea baada ya mchungaji, nitasema ahsante. Wazee wataliona doa na kuoneshana kwa vidole, watasema pale ndipo Mukiri alipombariki mwanawe. Wengine watataka kulishika.

Wewe utakuwa umesimama upande wa wanawake. Wewe tu ndiye utakayejua kwamba doa hilo ni langu, na kwamba mate ya baba hayakuacha alama yoyote.

Thuranira